Skafu Iliyofumuliwa

Fundi saa aliifumua ile skafu mchana kweupe, tumbo limeshiba, akili zake zote zipo, tena huku akiimba kwa pua. Isemwe mapema, asije akatokea mtu wa kumtetea kwamba giza lilimdanganya au njaa ilimzidi. Aliifumua kwa raha zake. Kila mstari ulipoachia, prrrr, alitikisa kichwa kama daktari anayepokea mgonjwa aliyechomwa sindano na fundi cherehani.

"Sasa wewe hapa ulikuwa unakwenda wapi?" akakiuliza kitanzi kimoja. Kitanzi kikanyamaza. Akakivuta, kikaisha.

Skafu yenyewe ilikuwa imeletwa asubuhi ya siku hiyohiyo na mpishi wa shule. Mwanamke huyo alipiga hodi akiwa na haraka ya mtu aliyeacha sufuria motoni, mkononi ana mfuko wa plastiki.

"Mama fundi yupo?"

"Kasafiri. Dada yake kajifungua mapacha, kaenda kumsaidia. Ila duka halijafungwa, mimi nipo."

Mpishi akamtazama juu mpaka chini. "Na wewe ndiye nani vile?"

"Mimi ndiye mwenye huyo mwenye duka."

Mwanamke akacheka kidogo, akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na skafu ya kijani, haijamalizika, sindano mbili za kufumia bado zimo na bonge la uzi linaning'inia. Aliitoa kwa viganja viwili, kama mtu anayetoa mkate kwenye oveni.

"Alikuwa ananifumia mama yangu. Ya asubuhi, nikienda kazini na baridi. Ndipo hapo alipofika." Akasita. "Tumemzika juzijuzi tu. Naomba mnimalizie. Iwe nzuri."

"Pole sana, mama. Pole kwa kweli. Ila kwa kazi ondoa shaka." Fundi saa akajishika kifua. "Jumamosi ukija kuichukua hutaitambua."

Mpishi akashukuru, akashuka ngazi mbio akaziwahi sufuria zake. Akaenda zake na furaha, masikini, hajui kwamba yule mzee hana tabia ya kuahidi asichokitimiza.

*

Nyumba hiyo ilikuwa ikiishi kwa skafu. Zamani iliishi kwa saa, mpaka watu walipoanza kuangalia wakati kwenye simu, na kibanda cha fundi kikabaki na vumbi na mteja mmoja mbishi ambaye saa yake ilikuwa haiharibiki. Ndipo mkewe alipotoa sindano zake sandukuni na kuanza kufuma barazani.

Lakini yule mama hakuwa akifuma hivihivi tu. Mteja akija hakuulizwa anapenda rangi gani. Aliwekewa kiti, akaambiwa, "Haya, nieleze siku unayoikumbuka." Alikuja mlinzi mstaafu akasimulia usiku wa mvua kubwa alipokuwa lindoni peke yake na mwenye nyumba akamfungulia mlango aingie ndani. Aliondoka na skafu ya kijivu, yenye mstari mmoja wa manjano, mwembamba kama mlango uliofunguliwa kidogo. Alikuja dada mmoja na siku ambayo baba yake alimfundisha kuendesha baiskeli. Alifumiwa nyekundu ya baiskeli, pindo lina rangi ya vumbi, kwa sababu huko pindoni ndiko alikoangukia. Dada alipoiona alilia, kisha akacheka, kisha akasahau mwavuli wake.

Mke alifuma, mume, aliyejifunza sindano kwa kumtazama, akamaliza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya fundi saa: kufunga vitanzi vya mwisho, kuficha ncha za uzi, kuosha kwa maji ya uvuguvugu na kuinyoosha skafu juu ya godoro kwa pini. Alizificha ncha kwa kibano kilekile cha kushikia vidude vya saa, lenzi jichoni, ulimi nje. Majirani walimcheka.

"Mzee, unaanza lini kusuka nywele?"

"Nikimaliza kufunga za mkeo zilizokatika."

Ila moyoni alikuwa na lake. Mtu aliyezoea kusikia saa zikienda kwa ajili yake, halafu ghafla zikanyamaza zote, anahitaji kitu cha kunyoosha. Fundi saa alinyoosha skafu.

Sasa mpe mtu wa namna hiyo kazi ya yule marehemu. Kingo zake ziliingia na kutoka kama mlevi anayetafuta mlango. Vitanzi karibu vyote vimejipinda. Mahali pamoja pamebana mpaka skafu imekuwa na kiuno. Na katikati, tundu la kupitisha kidole! Alijaribu kuiweka pembeni asubiri mkewe. Akaenda kunywa maji, akarudi, tundu likamkodolea. "Mtoto wa watu atapita barabarani na kitu hiki?" akajiuliza. "Atachekwa." Akaona hata huruma inamtaka aguse. Akafumua mpaka karibu na mwanzo, akaacha mistari michache ya chini isiyokuwa na kasoro, akafuma upya kwa uzi uleule, akapita alipokomea marehemu, akaimalizia, ikatoka kama imezaliwa kiwandani.

*

Mkewe aliporudi na kikapu chake, aliketi akavua viatu akasimulia mapacha: mmoja analia, mwingine anamwangalia anayelia. Fundi saa alikuwa hasikii. Alikuwa anasubiri zamu yake. Alipoipata akamwekea skafu mapajani na kueleza yote tangu hodi mpaka kitanzi cha mwisho, akapamba kidogo hapa na pale.

Mkewe akaipapasa. "Iko wapi kazi ya mama yake?"

"Si hiyo."

"Hii ni yako. Nimeuliza ya mama yake."

"Uzi ni uleule, mama watoto. Sikupunguza hata unyoya."

"Uzi sijauuliza."

Fundi saa akaanza kuhisi joto masikioni. "Ilikuwa na makosa."

"Ya nani?"

"Ya... ya marehemu."

"Haya. Marehemu umeshamsahihisha. Kapata maksi ngapi?" Mkewe hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha. Aliikunja ile skafu polepole akaiweka mezani, akaondoa mikono yake. "Mtu kakuletea mikono ya mama yake ndani ya mfuko. Wewe ukaifumua."

Basi. Maneno yale yaliingia ndani ya fundi saa na kukaa kitako. Aliitazama skafu aliyokuwa akijivunia, na kwa mara ya kwanza akaiona jinsi ilivyo: safi, imenyooka, na haina mtu.

*

Binti yao, msusi, ndiye aliyekuja na shauri, maana wasusi hawakosi shauri.

"Baba, si uikosee tu tena? Unakumbuka palipokuwa pameharibika?"

"Nakumbuka pote," akasema fundi saa kwa unyonge. Na kweli alikumbuka. Kila kasoro ile ilimkera, na kinachomkera fundi hakimtoki kichwani.

Akachukua uzi wa akiba akajaribu kukosea. Jamani! Vidole vilikuwa kama mtoto wa shule anayeogopa mwalimu. Akitaka kitanzi kimoja kilegee, kinalegea sawasawa na cha jirani yake. Akitaka kingo ziyumbe, zinayumba kwa zamu, kushoto kulia, kushoto kulia. Matundu yakajipanga kama askari wa gwaride.

Binti akaitazama ile kazi, akauma midomo asicheke, akashindwa. "Baba, haya si makosa. Haya ni maua. Mtu akiyaona ataagiza."

"Na hata angeweza," mama yake akadakia, "angempa makosa ya nani? Ya mama wa mtu au ya kwake?"

Fundi saa akaweka sindano chini. "Nitakwenda kumwambia."

"Jumamosi anakuja mwenyewe."

"Jumamosi atakuja na furaha yake. Sitaki apande ngazi nayo halafu ashuke bila. Nitamfuata nikaipokee hasira kwake, asiibebe mpaka huku."

Mkewe akamtafutia shati safi, na kifungo kilichokuwa kinaning'inia akakishona mumewe akiwa amelivaa.

*

Jiko la shule lilikuwa na mvuke mzito, na wapishi walikuwa wakikoroga sufuria kwa miiko mirefu kama makasia. Mzee mwenye shati safi na mfuko wa plastiki alikuwa riziki kwao.

"Mzee, chakula bado!"

"Sikuja kula."

"Basi kaja kuposa huyu. Semeni nani anachukuliwa?"

"Mimi hapana, huyu atanipigisha pasi!"

Kicheko kikapita jikoni kama sahani inayoanguka. Fundi saa akasimama katikati yake, mfuko kaukumbatia. Mpishi akatokea nyuma ya sufuria akijifuta mikono, na alipomtambua uso ukamchangamka.

"Mzee wangu! Umeniletea mpaka hapa? Jamani, ndiyo ile skafu niliyowaambia!"

Wakasogea kuiona. Laiti ardhi ingekuwa na mlango. Fundi saa akapiga moyo konde, akasema palepale, mbele ya wote, maana angesema ajitenge naye pembeni asingeweza tena.

"Binti yangu, nimekukosea. Ile kazi ya mama yako haipo. Niliifumua nikaifuma upya. Niliona ina kasoro. Hakunituma mtu, wala mke wangu hakujua. Ni mimi."

Mpishi akaitoa skafu mfukoni. Alipitisha kidole katikati yake, polepole, kwenda na kurudi, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba chenye giza.

"Lile tundu liko wapi?"

"Nililifunga."

"Tundu lile ni la siku niliyomwambia nimepata kazi hii. Aliruka, sindano ikachomoka. Nikamwambia, mama, rudia hapo. Akasema, niache, lisiniharibie siku." Kidole kikaendelea kutafuta. "Na palipobana?"

"Pia..."

"Hapo ndipo alipoanza kuumwa. Alikuwa anauvuta uzi kwa nguvu, asionekane kama anatetemeka."

"Samahani, binti yangu."

"Usiniombe samahani sasa hivi, mzee. Nina watoto wanasubiri kula." Akamrudishia mfuko na skafu yake. Fundi saa akatoa fedha za malipo ambazo mpishi alizitanguliza siku ile, akamnyooshea. Mpishi hakuziangalia hata zile fedha. Alikuwa ameshageukia sufuria, anakoroga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Yule aliyetania habari za posa alimpisha mzee njia, macho chini. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

*

Jumamosi hodi ilipigwa, hodi ndogo. Fundi saa alipoijua sauti akainuka kuelekea uani.

"Kaa hapohapo," mkewe akamwambia. "Ulikuwa na mdomo wa kuahidi, kuwa na masikio ya kusikiliza."

Mpishi akaingia, akaamkia, akakaa ukingoni mwa kiti. "Sikuja kugombana. Hasira nimezimaliza kwa wapishi wenzangu, wamenikoma wiki nzima. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Uzi wake upo wote?"

"Upo wote," fundi saa akasema upesi. "Na mistari ya chini sikuigusa. Ile ya mwanzo kabisa. Ni ya kwake."

Mpishi akainua uso. "Kweli?"

"Haikuwa na kosa," akajibu, akatamani kujimeza.

Lakini mpishi alikuwa ameshaichukua skafu, ameigeuza, anaitafuta ile mistari. Akaikuta. "Asante," akasema, kwa nani haikujulikana. "Hapa alikuwa mzima. Alikuwa ananisema huku anafuma, nimekonda."

Mama fundi akavuta kiti chake karibu. Akamwuliza kama alivyozoea kuwauliza wateja wote: "Nieleze alivyokuwa akifuma."

"Alikuwa anabana sindano moja kwapani. Uzi anauzungusha shingoni, sijui kwa nini, yeye anasema unatulia. Alinifundisha nikiwa mdogo, lakini mimi, mama fundi, sijui. Nafuma ovyo. Tulikuwa tunachekana."

"Nionyeshe huo uovyo." Mama fundi akamgeukia mumewe. "Baba watoto, fumua."

Akafumua. Kazi yake nzuri, iliyonyooka, isiyo na doa, aliifumua mbele ya wanawake watatu, maana msusi naye alikuwa mlangoni hataki kupitwa. Safari hii hakuimba. Alivuta mpaka akafika mistari ya mama yake mpishi, hapo akasimama, akaviokota vitanzi vya marehemu kimoja kimoja kwenye sindano kwa kibano, akivizuia kama vifaranga, akamkabidhi mpishi.

Mpishi akabana sindano moja kwapani. Akazungusha uzi shingoni, akaona haya, akacheka, akaanza. Alifuma vibaya kweli, hakuna haja ya kuficha. Alikamata uzi kwa upande usio wake, akapitisha sindano nyuma ya kitanzi badala ya mbele, akavuta. Mstari mmoja. Wa pili.

Fundi saa akainamisha kichwa. Akatia lenzi jichoni. Halafu akaruka kama kaumwa na nyuki.

"Ndicho hiki!"

"Kipi?"

"Kitanzi! Nilikigombeza mimi mwenyewe! Vilikuwa vimejipinda hivihivi, vyote, vimeangalia kushoto! Mimi nikadhani macho yamemchoka!"

Mkewe akasogea kutazama, akaigusa mistari ile mipya, akagusa na ile ya zamani chini yake. "Hata hii ya chini imejipinda. Hukuiona kwa sababu imebana vizuri." Akamgeukia mpishi. "Hayakuwa makosa, mwanangu. Ndivyo alivyoshika sindano. Na ndivyo alivyokushikisha."

Mpishi akaacha kufuma. Aliiangalia mikono yake mwenyewe, mikono iliyokomazwa na sufuria, kana kwamba ameiazima na mwenye nayo kasimama hapo. Machozi yakamtoka na kicheko juu yake.

"Mama," akasema, "kumbe umekaa huku, na mimi nakutafuta kwenye uzi."

Binti msusi, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, akaenda kuchemsha chai.

Baadaye fundi saa akajikohoza. "Lile tundu nakumbuka mahali pake. Na palipobana. Ukitaka nitakuonyesha, ukifika..."

"Hapana, baba," mpishi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Tundu lile lilikuwa la kwake, limekwenda. Langu litakuja lenyewe."

Likaja, hata jua halijatua. Msusi alikuwa akimwigiza mteja wake aliyelala usingizi akisukwa mpaka akaanza kukoroma, na mpishi akacheka hadi sindano ikachomoka. Wote wakaliangalia tundu. Fundi saa akaikunja mikono yake, akaikalia.

*

Alikuja Jumamosi baada ya Jumamosi. Akifuma alisimulia, na mama fundi akasahau mara nyingine kama hiyo ni kazi ya mteja. Habari za mama yake mpishi zikawa habari za nyumba ile: alivyopenda kugombana na redio, alivyoogopa lifti, alivyomficha mwanawe ugonjwa kwa kujipaka poda. Fundi saa alikaa dirishani akificha ncha za skafu nyingine, na lenzi ilimsaidia sana, maana mtu mwenye lenzi jichoni akitokwa na chozi husemwa kazi imemchosha macho.

Skafu ikarefuka. Ilipita urefu wa mahali mama alipokomea, na mpishi alifuma mstari ule polepole kuliko mingine. Uzi ulipokaribia kuisha akaanza kufunga vitanzi. Huko ndiko kulikokuwa na balaa. Alikuwa hajui kabisa. Pindo likajikunja, likabana kama mdomo wa mfuko wa sukari.

Fundi saa aliliona. Alijizuia. Alitazama dari, akatazama viatu vyake, akahesabu nzi. Mwisho ulimi ukamponyoka.

"Hapo..." akasema, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mkewe akafumba macho. Msusi akaweka kikombe chini.

Mpishi akaliangalia pindo lake, akamwangalia mzee aliyejiziba mdomo. Akafumua ule mstari uliojikunja, akasimama, akaivusha skafu mpaka dirishani na kuiweka mapajani pa mzee.

"Hapo nisaidie, baba," akasema. "Mama hakuwahi kufika hapo, wala hakunifundisha. Hapo ni pako."

Fundi saa akaenda kunawa mikono. Alikaa huko maji yakichuruzika kwa muda usiolingana na mikono miwili. Aliporudi akatia lenzi, akafunga vitanzi vya mwisho kimoja kimoja, visilegee, visibane, pindo likalala chini lenyewe limetulia. Akazika ncha ya uzi ndani kabisa. Hakugusa kitu kingine chochote. Tundu akaliruka kwa heshima, kama mtu anayempita mwenzake aliyelala.

Mpishi akaivaa palepale, joto lote lile. Akajiangalia kwenye kioo cha ukutani, mbele, nyuma, ubavuni. Kingo zilikuwa zinayumba, katikati kuna dirisha, na mwisho wake umenyooka kama rula.

"Binti yangu," fundi saa akaanza, "mimi kwa kweli samaha..."

"Ah, baba, hilo tulishalimaliza. Sasa niambie karibu tena, kama wenye maduka wote."

"Karibu tena."

"Nakuja Jumamosi. Nina mtoto wa kike nyumbani, hajawahi kushika sindano. Nataka nimfundishe hapa, mwanga wenu ni mzuri." Akamwelekezea kidole. "Nitamfundisha mwenyewe, vibaya vilevile. Na wewe ukiona anakosea?"

"Nafunga mdomo," akasema fundi saa, tayari anasogeza meza ili kiti cha mtoto kipate nafasi dirishani.